Sote tupo

Neno la Shangazi bado limenikaa kooni. "Sisi sote tuliugua surua, na sote tupo." Alilisema amempakata mjukuu wake, tulipouliza dozi yake ya pili ya chanjo ya surua ni lini. Watu wakacheka, mazungumzo yakahamia kwingine.

Bibi hakucheka. Alichukua mto wa kiti uliokuwa umekaa sawasawa, akaukung'uta, akaurudisha palepale. Mliosoma nilichoandika Bibi alipolazwa mnajua habari za mwanawe wa kwanza: mafua na macho mekundu, vipele nyuma ya masikio vikashuka hadi miguuni, kisha nimonia ikamchukua. Shangazi alikuwa hajazaliwa.

Sote tupo. Wiki hii Kaka kaanza kazi, ripoti yangu imepita, nyumba tumeipata, na bado usiku nasikia maneno hayo mawili tu. Anayeweza kuyasema ni aliyebaki. Yule mtoto angeulizwa, angesema nini?

Nilimjibu, tena kwa adabu: "Shangazi, mgonjwa wa surua akitoka chumbani, virusi vyake hubaki hewani hata saa mbili. Na huanza kuambukiza siku kama nne kabla ya vipele kutokea, wakati sisi tunadhani ni mafua." Akaniambia, "Mwanangu, unasoma sana wewe." Nikanyamaza. Jibu lenyewe lilikuwa la Bibi, na halikuwa langu kulitoa mbele za watu.

Linalonitia hofu zaidi sikulifikia. Surua ikipona haijaisha. Hufuta sehemu ya kinga ambayo mwili ulishajijengea dhidi ya maradhi mengine, hata mtoto aliyenusurika akawa anauguaugua kwa miezi, pengine miaka. Halafu kuna kichanga cha Wifi. Umri wa kuchanjwa hajafika, na kinga aliyoachiwa na mama yake inapungua kila mwezi. Kwa sasa ngao yake ni sisi tunaomzunguka, na ili surua ikose pa kupenya, watu kama 95 katika kila 100 wanatakiwa wawe na kinga. Anayembusu kutwa ni huyo mjukuu wa Shangazi mwenye dozi moja! Kuna watoto ambao dozi ya kwanza haiwashiki, na kwa kuwatazama huwezi kuwajua. Ya pili imewekwa hasa kwa ajili yao.

Basi jana jioni, simu. Picha ya mkono mnene wa mtoto, kipande cha pamba kimebandikwa na plasta, shavu bado lina machozi. Chini Shangazi kaandika: "Ya pili tayari. Kalia kidogo tu. Bibi yako ndiye aliyempakata."

Bibi, ambaye ngazi zetu tu zinamshinda! Sijui walizungumza nini wakiwa wawili, na sitauliza. Nimeitazama ile picha mpaka nikampigia Wifi kumsomea ujumbe neno kwa neno, naye akaniomba nirudie. Nikarudia kwa furaha.

Ningelala vizuri leo, ila Baba hajanijibu kuhusu macho yake. Siku ile alisoma ujumbe simu ikiwa mbali kabisa na uso, kisha akanipa nimsomee, na jicho la kushoto lilikuwa linatoa machozi. Anasema ni vumbi. Wiki iliyopita pia alisema ni vumbi.