Kutoka ulingoni hadi kiti cha umeya

Hapa Unguja, ambako ndondi zilipigwa marufuku tangu enzi za Mzee Karume hadi miaka ya karibuni, wazee wa barazani kwetu Mji Mkongwe hawakunielewa nilipowaambia kwamba meya wa Kyiv, mji mkuu wa Ukraine, aliwahi kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu.

Vitali Klitschko alizaliwa mwaka 1971 huko Kirgizistan, baba yake akiwa afisa wa jeshi la anga la Kisovieti. Alipigana mapambano 47 ya kulipwa, akashinda 45, na 41 kati ya hayo aliyamaliza kwa kumwangusha au kumsimamisha mpinzani. Mimi hulikumbuka zaidi lile alilopoteza mwaka 2003 mbele ya Lennox Lewis, bingwa wa dunia kutoka Uingereza: alikuwa akiongoza kwa pointi baada ya raundi sita, lakini daktari alilisimamisha kwa sababu jicho lake la kushoto lilikuwa limechanika vibaya, naye akalalamika kwamba angeweza kuendelea.

Katika siasa pia alianza kwa kushindwa, kwani aligombea umeya mwaka 2006 na 2008 bila mafanikio. Chama chake kiliitwa UDAR, yaani pigo (jina la bondia hasa!). Baada ya maandamano ya Maidan, yaani yale ya umma yaliyomwondoa Rais Yanukovych madarakani, alichaguliwa Mei 2014, akarudishwa madarakani mwaka 2015 na 2020, na tangu Februari 2022 amekuwa akiuongoza mji unaoshambuliwa kwa makombora.