Ndovu, Nyari na tembo la mnazi

Jumamosi tulitoka Malindi alfajiri, watu wanne kwenye gari la shemeji, tukaingia Tsavo Mashariki kwa lango la Sala. Vumbi jekundu lilitufuata mpaka ndani ya chapati. Ndovu wa kule nao wekundu, maana hujirushia udongo ule ule. Mmoja alituzibia njia karibu na mto Galana (huku kwetu chini ndio Sabaki), akipepea masikio polepole. Shemeji akazima injini. Dakika 20, hakuna aliyekohoa!

Jumapili ilikuwa Marafa, pale Wagiriama wanapoita Nyari. Makorongo yamechongwa na mvua, meupe, ya waridi, ya chungwa. Nendeni jioni, mchana ni tanuri.

Kurudi tukapitia kwa mgema. Alishuka mnazi na kibuyu, nyuki mmoja anaelea juu ya povu. Tembo la asubuhi hiyo tamu, karibu na dafu. La jana linakata ulimi. Nikamsifu weee, halafu nikakumbuka mgema akisifiwa hufanya nini. Shemeji, kwa kuwa ndiye dereva, alipewa soda. Alinuna mpaka Malindi.