Siku moja maishani mwangu: mimi wa mapipa ya helikopta, Usangu

Saa 11 alfajiri. Rujewa bado giza, mi nshaamka maana mafuta yanapimwa yakiwa yametulia. Kwenye hii timu ya kupulizia kwelea kwelea kazi yangu ni mapipa na pampu ya mkono basi. Nafyonza kidogo toka chini ya pipa, natia kwenye chupa ya jemu, nasubiri, maji yakiwemo yanakaa chini unauona mstari kabisa. Leo safi. Nikafunga kifuniko nikaandika tarehe nikaitunza, wenzangu huwa wananicheka kwa hilo.

Saa 2, chai na chapati kwa mama ntilie. Ana ekari 2 za mpunga, watoto wako shambani wanaamia ndege badala ya kuwa shule. "Mwanangu, mtawamaliza lini?" Nimjibu nini, kwelea mmoja anakula kama gramu 10 kwa siku, unaweza kucheka, ila kundi la ndege milioni 1 hapo tani 10 zimekwenda.

Mchana joto tu na kulala chini ya turubai.

Saa 10 jioni ovaroli, glavu, barakoa, jasho mpaka kwenye buti, maana hii sumu inapita hata kwenye ngozi. Tunawapiga jua likizama wakirudi kulala kwenye matete.

Saa 12 na kitu kapteni kamaliza mzigo wa pili, anarudi chinichini juu ya majaruba, mara injini ikakata. Yanasikika mapanga tu, fyu fyu fyu. Pua ikanyanyuka, mkia nusura uguse mpunga, akavuka tuta la kwanza, la pili, akaikalisha kwenye jaruba lililokwisha vunwa, kavu, ikaburuzika ikatulia imelala upande kidogo. Hata "Mungu wangu" sikuimaliza.

Watu wote wakakimbilia helikopta. Mimi, naona aibu kusema, nilikimbilia chupa.

Kapteni mzima, kajing'ata mdomo tu. Kakaa kwenye tuta anasema kilichomwokoa ni mwendo. Injini ikizima unashusha wenzo wa mkono wa kushoto palepale mapanga yasife, halafu unavuta pua, ule mwendo uliokuwa nao ndo unayazungusha mpaka ufike chini. Angekuwa kasimama hewani juu ya yale matete, angeshuka kama gunia.

Saa 2 usiku. Ubavu wa injini wote umelowa oili, fundi anamulika na tochi ila hagusi, mpaka wachunguzi wa ajali waruhusu.

Kapteni akaniuliza, "Dogo, mafuta ya asubuhi uliyapima?"

Nikampa chupa. Akaitikisa, akaiweka mbele ya taa ya simu, tukasubiri itulie, fundi naye kaacha kumulika anaangalia. Hakuna mstari.

Akanirudishia. "Usiioshe hiyo."

Saa 5 sasa, iko chini ya kitanda nimeifunga na soksi.