Joto la Oktoba, embe la Januari

Kasoro kubwa ya Tabora, ukiniuliza mimi, ni kwamba joto hutangulia maembe.

Mwezi wa tisa ukielekea kuisha, miyombo ya porini huchipua majani mekundu, vumbi linatimka hata akipita mtu mmoja, na mabati yanaanza kulia kwa jua. Oktoba ndiyo yenyewe. Mchana nyuzi joto zinapita 30, na saa mbili usiku ukiegemea ukuta wa chumba bado una moto. Wakati huo miembe ya mji mzima imejaa maembe, lakini mabichi, ya kuchovya kwenye chumvi na pilipili tu. Yanaiva mvua zikishashika, Novemba kwenda Januari, hewa imeshapoa na hamu ya kitu baridi imepungua nusu. Ndipo kila kona utakuta ndoo za maembe, bei ya kutupa, nzi wengi, na watoto wenye mashavu ya njano.

Kwa hiyo anayetaka sheki ya embe Oktoba inabidi aianze Januari, kwa kugandisha maembe kwenye friza. Mwaka huu nimefanya hivyo, na tangu joto lishike soda haijaingia nyumbani kwangu.

Miembe ya huku ni mizee kuliko sisi. Ile ya kando ya njia za zamani ni ya enzi za misafara, wapagazi wa Kinyamwezi walipokuwa wakibeba pembe kutoka bara mpaka Bagamoyo, na wafanyabiashara wa Kiarabu wamejenga matembe yao Kwihara, nje kidogo ya mji. Livingstone naye aliwekwa Kwihara. Alifika na Stanley Februari 1872, Stanley akaondoka Machi, yeye akabaki kusubiri wapagazi mpaka Agosti. Yaani alikaa kwetu nusu mwaka nzima na msimu wa maembe akaukosa mwanzo na mwisho. Nikipita kwenye lile tembe alilokaa, hilo namwonea huruma kuliko hata homa zake.

Turudi kwenye friza. Mimi nina friji ya mlango mmoja, ile ambayo sehemu ya kugandishia inatosha kuku mmoja, tena wa kienyeji. Maembe yangu kwa hiyo yanalala kwa jirani mwenye duka, anayeuza barafu za ukwaju na za ubuyu. Januari nilimpelekea ndoo ya maembe dodo kama kilainishi, akakubali kunipa kona ya chini. Kufika Mei akaanza.

"Jirani, mifuko yako inakula nafasi ya barafu zangu."

"Nivumilie mpaka Oktoba, jirani. Na wewe utakunywa."

"Oktoba! Si bora ungesema Krismasi."

Kugandisha embe si kulitupa tu ndani. Dodo lililoiva vizuri, ambalo bado lina ukakamavu kidogo, nalimenya, nakata vipande vya ukubwa wa kete ya dama, natandaza kwenye sinia bila kugusana. Vikishakuwa vigumu ndiyo naingiza kwenye mfuko na kukamua hewa. Ukiviweka vyote mfukoni vikiwa vibichi vinashikana bonge moja, na Oktoba utajikuta unalipiga bonge hilo kwa mchi uani huku majirani wanakuangalia. Maembe ya kienyeji yenye nyuzi, yale matamu ambayo ukila unashinda unachokonoa meno, hayafai kukatwa vipande. Hayo nayakamua kwa mkono, rojo napitisha kwenye chujio, halafu najaza kwenye vile vifuko virefu vyembamba vya kuuzia barafu na kufunga fundo. Siku ya kutumia nachana plastiki kwa kisu, nakata pingili, zinaingia kwenye blenda zenyewe. Nyuzi zimebaki kwenye chujio, utamu wote umo. Kama ningelazimishwa kuchagua kati ya dodo na haya ya kienyeji yaliyochujwa, ningechukua ya kienyeji bila kufikiri. Dodo lina sura nzuri, ila harufu ya embe hasa iko huku.

Umeme ukikatika ndipo roho inaruka. Friza iliyojaa, mradi hakuna anayefungua mfuniko, inahifadhi baridi kama siku mbili, na iliyojaa nusu siku moja hivi. Kwa hiyo siku zile jirani yangu hukalia mfuniko kabisa na kuwaambia watoto wa barafu waje kesho. Embe ambalo bado lina chembe za barafu katikati halijaharibika. Lililolainika lote silirudishi kwenye friza, linanywewa siku hiyo hiyo na mtaa mzima.

Sasa kwa nini nihangaike hivi badala ya kununua barafu na kuchanganya na tunda bichi? Kwa sababu barafu ni maji. Inayeyuka, sheki inakuwa juisi ya kukoroga, nyepesi, na dakika chache baadaye imejitenga, maji chini na povu juu. Tunda lililoganda lenyewe ndilo barafu. Sukari na nyuzinyuzi zake haziruhusu chembe kubwa za maji kugandamana, hivyo likisagwa linatoka zito na laini, linasimama kwenye kijiko. Uzito ule ambao watu wanaufuata mahotelini na kuambiwa umetokana na aiskrimu, unapatikana hapa bila aiskrimu. Halafu kuna suala la maji yenyewe. Kugandisha hakuui vijidudu, na barafu ya mitaani huwezi kujua maji yake yalichemshwa au la.

Maziwa naletewa na kijana wa baiskeli, madumu yananing'inia huku na huku, kabla jua halijawa kali. Nayachemsha palepale. Najua wapo wanaosema maziwa ya kuchemsha yamepoteza ladha, lakini maziwa mabichi yanaweza kubeba kifua kikuu na brusela, na mimi nina watoto. Nikishachemsha naacha yapoe, naweka kwenye friji usiku kucha bila kuyatikisa. Asubuhi juu kuna malai, tabaka la rangi ya pembe ukiinua kwa kijiko linakunjika. Hilo silitupi. Linaingia kwenye blenda lote.

Bibi yangu, mzaa mama, yeye alipinga jambo zima. Alikuja kututembelea kutoka kijijini, Oktoba hii hii, akaniona nakata pingili za embe juu ya maziwa.

"Shikamoo bibi, karibu uonje."

"Marahaba mjukuu wangu. Kitu gani hicho, embe na maziwa? Si yatakatika, muumwe matumbo bure."

"Bibi, yanasagwa pamoja, ni ya baridi."

"Yakatike hapa au yakatike tumboni, yote ni kukatika. Kama huna budi, weka maziwa mgando. Hayo yameshaganda, hayana cha kukatika tena."

Niliyacheka maneno yake, halafu nikayafanyia kazi, kwa sababu ukiyachunguza yana hesabu. Embe lililoiva sana halisumbui maziwa, lakini lenye ukali kidogo, au pasheni, au ukwaju, linayakata kweli, unaona vipunje vinazunguka kwenye glasi. Haina madhara, ni sura tu inayokinaisha. Mtindi umeshapita hatua hiyo. Nao ni mzito tayari, una uchachu wake unaozuia utamu usipitilize, na ukisagwa na embe unatoka laini kuliko maziwa peke yake. Siku hizi naweka nusu kwa nusu, mtindi na maziwa yenye malai. Pasheni naweka kwenye mtindi mtupu.

Papai na nanasi ni kesi nyingine, na bibi hakuzitaja kwa kuwa kwake papai ni la kula na kijiko basi. Yasipopikwa yana vimeng'enya vinavyovunjavunja protini ya maziwa. Ukisaga ukanywa hapohapo husikii kitu. Ukiiacha kwenye friji mpaka mwenye nyumba arudi kutoka kazini, anakuta kitu kichungu na utamlaumu muuza maziwa wa watu. Nanasi nalichemsha kidogo kwanza, moto unaua kile kimeng'enya. Papai silihangaikii, nalitia limau na barafu ya maji yaliyochemshwa, maziwa hapana.

Wakati mifuko ya embe inapungua, ndizi zinashika zamu. Nyingi nzuri hapa mjini zinashuka kutoka Kigoma, pamoja na parachichi, na ukienda Soko Kuu asubuhi utasikia wauzaji wakijitetea kwamba bei imepandishwa na njia. Kisukari iliyoanza kuwa na madoadoa meusi, ambayo wateja wanaikwepa, ndiyo naitaka mimi. Inamenywa kwanza, inagandishwa vipande. (Usigandishe na ganda. Litakuwa jeusi, na kulibandua ni kugombana na vidole vyako mwenyewe.) Ndizi iliyoganda ina ulaini ambao tunda lingine lolote halina, hata ukiisaga na maziwa kidogo tu inatoka inavutika kama uji wa mtoto. Parachichi nalo, robo tu, linatosha kuongeza mafuta pale maziwa yanapokuwa mepesi. Likizidi, sheki inaelekea kwenye kachumbari.

Na karanga. Watu hushangaa, lakini sisi ni watu wa karanga, si Urambo ipo hapo? Waingereza walikuja 1947 na matrekta yao, Kongwa, Urambo na Nachingwea, wakitaka kulima karanga za kulisha viwanda vyao vya mafuta. Kufika 1951 walikuwa wameshakunja jamvi. Mvua na ardhi havikufuata ramani yao. Matrekta yakaondoka na karanga zikabaki kwa wenye majembe ya mkono, na hizo ndizo nanunua. Nakaanga kwa moto mdogo bila mafuta, napukuta maganda, natwanga mpaka zitoe mafuta zenyewe. Kijiko kimoja kwenye sheki ya ndizi kinafanya mtu asitafute chakula cha mchana. Kwenye embe siweki, harufu mbili hizo hazisikilizani.

Utamu ni asali. Kuishi Tabora halafu kununua sukari ya kutia kwenye matunda naona ni dharau kwa nyuki wa Sikonge. Ila asali ina tabia yake. Ukiimimina juu ya tunda lililoganda inakakamaa na kunata chini ya kisu cha blenda, unakuja kuikuta wakati wa kuosha. Koroga kwanza kwenye maziwa. Na asali nyeusi ya porini, ile kali yenye harufu ya moshi, inaifunika ndizi yote, basi nachagua ya rangi ya dhahabu. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka hapewi asali kabisa, hata tone, wala sheki yenye asali. Hilo si la kubishaniwa, hata kama bibi zetu walikuwa wakiwapaka wachanga mdomoni.

Kwa glasi mbili kubwa, basi: kikombe kimoja cha mchanganyiko wa maziwa na mtindi, vikombe viwili vya embe lililoganda, kijiko kimoja cha asali, punje mbili za iliki zilizotwangwa, na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Chumvi ni kwa ajili ya baridi, maana ulimi uliopoa hausikii utamu sawasawa, na chumvi inauamsha. Vya majimaji vitangulie chini ndipo tunda lifuate, la sivyo visu vinazunguka hewani na tunda limekaa juu linakutazama. Blenda zetu hizi za bei ya kawaida hazipendi kuendeshwa mfululizo. Bonyeza, achia, koroga kwa mwiko ikiwa imezimwa, bonyeza tena. Ukisikia harufu ya waya kuungua, ipumzishe, nenda kasuke nywele za mtoto. Maziwa usiongeze haraka. Dakika ya kwanza kila mtu anadhani ni zito mno, ya pili linalegea lenyewe.

Wanangu wanataka rangi iwe kali zaidi, wameona sheki nyekundu mahali fulani, na mmoja ameniuliza kama tunaweza kutia rangi ya ubuyu. Nimewaambia ubuyu wenyewe tunaweza kutia, unga wake mweupe usiopakwa rangi, na kwa kweli unaleta uzito mzuri na uchachu. Rangi hapana. Wamenuna mpaka glasi zilipokwisha.

Sasa mawingu yameanza kujikusanya upande wa mashariki alasiri, bila mvua bado, na mifuko kwenye friza ya jirani imebaki michache. Ameshaniambia kwamba Januari ijayo kona ile si ya bure tena. Bei yake ni kilo moja ya karanga za Urambo, na glasi yake isisahaulike. Nimemwambia karanga nitazileta zimeshakaangwa, ila glasi aje ainywee kwangu, maana akipelekewa dukani wateja wake wote watataka kuonja.