Meza ya duara haina kona

"Mwalimu, hizo meza anafuta za kwako tu. Kwangu hafuti."

Mama wa mwanafunzi wangu wa darasa la elimu maalumu hakusema kwa ubaya. Alikaa ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani, akingoja nimweleze. Nami sikuwa na la kumweleza. Katika daftari langu kijana wake, wa miaka 17, alikuwa na alama za vyema mstari mzima: wiki sita anafuta meza za darasani bila kukumbushwa. Nilikuwa nimeshamhesabu miongoni mwa waliofuzu.

Kesho yake nilimpeleka ukumbi wa kulia, nikampa kitambaa kile kile alichokizoea, nikasimama mlangoni. Akaiendea meza, akainua kitambaa, akaanza kuizunguka. Mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu akasimama akaniuliza, "Kona iko wapi?"

Meza ilikuwa ya duara.

"Anza kona" ni maneno niliyomfundisha mimi. Meza zote za darasa langu zina pembe nne, na nilijiona mjanja kumpa sentensi fupi ya kujisemea ili asitegemee sauti yangu. Sentensi aliishika barabara. Shida ni kwamba ilikuwa sentensi ya meza zangu.

Niliyokuwa nikimfundisha ni ile mbinu ya kujielekeza kwa maneno, na asili yake si darasa la elimu maalumu. Mwaka 1971 wanasaikolojia Meichenbaum na Goodman walieleza jinsi walivyowafundisha watoto wenye pupa, wale wanaojibu kabla ya kutazama, wajisemee wanapofanya kazi. Kwanza mkubwa anaifanya kazi huku akijisemea kwa sauti. Kisha mtoto anafanya, mkubwa anamsemea. Kisha mtoto anajisemea mwenyewe kwa sauti, baadaye kwa kunong'ona, mwisho kimoyomoyo. Nyuma yao kulikuwa na mawazo ya wanasaikolojia wa Kisovieti, Vygotsky na Luria, kwamba mtoto anayeongea peke yake akicheza hapigi porojo: anajiongoza. Baadaye walimu wa wanafunzi wenye ulemavu wa akili wakaichukua mbinu hiyo kwa sababu ya tatizo tunalolijua sote tulio kwenye kazi hii. Mwanafunzi anajifunza jambo hapa, ukimsogeza hatua ishirini jambo limebaki kule. Kuhama kwa jambo wataalamu wanakuita kujumlisha stadi. Sisi katika chumba cha walimu tunauliza tu, "Limehama?"

Wazo lenyewe ni zuri. Meza haibebeki, mwalimu habebeki (ingawa kuna siku najihisi mzigo), lakini maneno mtu huenda nayo popote. Nilichosahau ni kwamba hata maneno yanaweza kuganda mahali.

Watafiti Stokes na Baer waliandika mwaka 1977, baada ya kupitia tafiti zipatazo 270 kuhusu kuhama huko, kwamba njia iliyotumika mno ni ya kufundisha kisha kutumaini. Nilipoisoma mara ya kwanza, chuoni, nilicheka. Siku ya meza ya duara sikucheka. Wiki sita nilifundisha kwenye meza za aina moja, kwa kitambaa cha rangi moja, saa ile ile, nimesimama nyuma ya bega lake la kushoto. Kisha nikatumaini.

Na hilo la bega la kushoto lina uzito wake. Niliporudia kumtazama kwa makini nikagundua kwamba hata darasani, kabla ya kusema "Anza kona," alikuwa akigeuza kichwa kidogo upande huo. Nisipokuwepo pale, sentensi haikutoka. Kumbe aliyekuwa akimwamsha ni mimi, si uchafu wa meza. Daftari langu lenye vyema nyingi halikuwa na safu ya kuandika mwalimu alikuwa amesimama wapi.

Tukaanza upya, safari hii kwa kupunguza maneno. Nilifuta kila neno linalotaja umbo, rangi au mahali. Yakabaki haya: "Pachafu wapi? Nafuta. Natazama tena." Swali limewekwa mbele makusudi. Amri kama "anza kona" inamwambia mkono pa kwenda, swali linayapeleka macho kutafuta kwanza, na kutafuta ndiko kunakobadilika kutoka meza hadi meza. Mwishoni kijana mwenyewe akaongeza "Poa!" ambalo mimi sikumfundisha, nikaliacha. Kujisifu ni sehemu ya mbinu tangu mwanzo, na "poa" yake inamtoka kwa furaha kuliko "nimefanya vizuri" yoyote ambayo ningemkaririsha.

Halafu, tangu siku ya kwanza, meza tofauti. Ya pembe nne, ya duara, ndefu yenye benchi, moja mbovu inayoyumba. Vitambaa vitatu. Siku nyingine nilikuwa mbele yake, nyingine dirishani, nyingine nje kabisa nikichungulia. Mwenzangu wa darasa la jirani naye akaingia zamu. Nilichagua meza kwa kuzitofautisha kadiri nilivyoweza, maana meza kumi zinazofanana ni sawa na moja tu. Ilichukua muda zaidi kuliko mara ya kwanza, na daftari likawa na alama nyingi za kukosa. Mwalimu anayependa daftari safi ataichukia njia hii.

Kwa kazi zenye hatua nyingi natumia maneno mengine, na hapa Kiswahili kinatusaidia sana. Watafiti waliofanya kazi na vijana kwenye sehemu za ajira walitumia muundo wa kusema nililomaliza, linalofuata, kisha ninaloanza. Kwetu hayo yote yanakaa kwenye kitenzi na neno moja fupi: "Nimefuta. Bado viti. Napanga viti." Me, bado, na. Binti mmoja aliyekuwa akisimama katikati ya kazi kila ikivunjwa na kelele, sasa akikatizwa anarudi kwenye "nimefuta, bado..." na anajua alipoishia. Neno "bado" pekee linamfanyia kazi kubwa kuliko picha zote nilizombandikia ukutani.

Huyo huyo, hata hivyo, alinifundisha upande wa pili wa jambo. Kwa wiki nzima alisema "Napanga viti" kwa sauti nzuri, mikono imelala mapajani. Kusema alikuwa amekujua. Kufanya kulikuwa kitu kingine. Watafiti Risley na Hart waliligusa hili mwaka 1968 kwa watoto wa chekechea: ukimpa tuzo mtoto kwa kusema tu, anajifunza kusema tu. Tuzo lazima lingoje neno na tendo vikutane. Nami nilikuwa nikimpigia makofi kila alipotamka vizuri. Nikaacha. Makofi yakahamia kwenye kiti cha kwanza kilichosogea.

Wapo wasiosema. Kwao "maneno" ni ishara ya mkono, au kugusa picha, au mlio mmoja wenye maana. Mwanafunzi wangu mmoja hugusa jicho, hugusa meza, basi. Kazi ni ile ile. Sijali sana kama ni sauti, mradi kinaanza kwake, si kwangu.

Jambo moja linalonikera: watu wanaowanyamazisha. "Acha kuongea peke yako, watu watakuonaje?" Ninakiri nimewahi kulisema mwenyewe, tukiwa foleni, kwa kijana aliyekuwa ananong'ona hatua za kulipa. Alinyamaza, na hapo hapo akakwama. Ni kweli lengo ni kufika kwenye kimoyomoyo, maana mtu mzima hapendi kukodolewa macho. Lakini kuna watakaoishia kwenye kunong'ona, na sioni hasara. Mimi nikitafuta funguo naongea mpaka naziona.

Mama yake nilimwita tena. Safari hii niliuliza kabla ya kueleza. Nyumbani wanasemaje? Hawasemi "futa", akaniambia, wanasema "pangusa". Miezi yote hiyo tulikuwa tunamfundisha lugha mbili kwa meza moja! Tukakubaliana kijana achague, akachagua "pangusa". Nikabadilisha darasani. Nikamwomba mama pia, akimwona amesimama, asimwambie la kufanya, amuulize tu, "Unajiambiaje?" kisha angoje. Alisema kungoja ndiko kutakakomshinda. Hata mimi hunishinda, nikamwambia. Huwa nahesabu mpaka kumi kimya, na mara nyingi nafika saba.

Jumatatu iliyopita nilikuwa koridoni nikiongea na mtu, ndoo ikapinduka mlangoni mwa darasa. Hakuna aliyemwita kijana. Alitoka mwenyewe, akatazama chini, nikamsikia: "Pachafu wapi? Napangusa." Akapangusa sakafu yote, akatazama tena, akasema "Poa!"

Kwa kitambaa cha meza. Kisha akarudi nacho, kinachuruzika maji ya sakafuni, akaipangusa na meza yangu.

Wiki hii tumeanza na vitambaa viwili na dekio moja. Swali jipya ni "Cha juu au cha chini?" na mpaka jana alikuwa amelijibu vizuri mara nne kati ya tisa.