Je, Ustawi wa Binadamu Unatosha Kuwa Msingi wa Maadili?

Kwa muda mrefu nimeamini kwamba tendo huwa baya kwa sababu linamdhuru mtu, na kwamba madhara hayo, yawe njaa au maumivu ya mwili, yapo hata pale ambapo hakuna anayekubali kuyaona. Bado naamini hivyo kwa sehemu kubwa. Hata hivyo, mwaka 1740 mwanafalsafa David Hume alidokeza kwamba maelezo ya jinsi mambo yalivyo hayatufikishi yenyewe kwenye jinsi yanavyopaswa kuwa, na sijaona hoja iliyoliziba pengo hilo kikamilifu. Sayansi ya tiba yaweza kunieleza kinachorefusha maisha. Hainiambii kwa nini niyajali maisha ya mgeni kama ninavyoyajali yangu.

Linalonisumbua zaidi ni mgawanyo. Ikiwa mateso ya mtu mmoja asiye na hatia yataongeza raha ya maelfu, huenda jumla ya ustawi ikapanda, lakini dhamiri yangu inakataa katakata kuliita jambo hilo haki. Anayetaka kulikataza analazimika kuongeza kanuni ya heshima sawa kwa kila mtu, na kanuni hiyo haitokani na kuupima ustawi, bali huamua tangu mwanzo ni ustawi wa nani utakaohesabiwa.