Kupaka rangi rimu za gari nyumbani: kazi iko kabla ya kopo

Rimu iliyopakwa rangi nyumbani ikianza kubanduka, huanzia sehemu zilezile: ukingo wa nje, kuzunguka matundu ya nati, na pale vali inapochomoza. Ni kona ambazo msasa hupita haraka kwa sababu vidole havifiki vizuri. Chukua kipande kilichobanduka, ukigeuze. Upande wa chini ukiwa laini na unang'aa, rangi hiyo haikuwahi kushika kitu. Ukikuta unga mweupe, alumini ilikuwa ikiendelea kulika chini yake. Hali zote mbili haziponywi na rangi ya bei kubwa zaidi, ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu kazi ya kabla ya kupuliza.

Kwanza amua kama rimu yenyewe inafaa. Legeza nati nusu mzunguko gari likiwa bado chini, weka kabari kwenye magurudumu yanayobaki, inua kwa jeki kisha litulize gari juu ya stendi. Gari lisibaki juu ya jeki peke yake, hasa kwa kazi hii ambayo itachukua siku kadhaa. Osha gurudumu na ulikague chini ya mwanga mkali ukianzia upande wa ndani, kwa sababu mashimo ya barabarani mara nyingi huumiza mdomo wa ndani, ambao hauonekani gurudumu likiwa mahali pake. Ufa huonekana kama unywele. Rimu yenye ufa haipakwi rangi wala haizibwi kwa puti, ule uji mzito wa kujazia makovu: puti huficha ufa bila kuushika, na mtu atakayepanda gari hilo baadaye hatajua kilicho chini yake. Iliyopinda inyooshwe kwanza na mwenye mashine, au iachwe.

Rimu za kromu ziache pia. Kromu ni ngumu na laini mno, rangi haina pa kujishikiza, na vumbi lake ukilisugua si la kuvuta puani. Rimu zenye uso uliochongwa kwa mashine, zile zenye mistari myembamba ya duara inayong'aa, zina jambo lake. Mistari ile ilikatwa na mashine ya kukerezea na msasa wa mkono hauirudishi. Ukiona vinyuzi vyeupe vinatambaa chini ya klia (utando wa juu unaopitisha mwanga) kuanzia kwenye mkwaruzo, hiyo ni kutu ya alumini. Rimu kama hiyo unaweza kuifanya nyumbani kwa sharti la kutoa klia yote na kukubali rangi moja uso mzima.

Na usibabue rangi ya zamani kwa moto wa gesi. Rimu nyingi za aloi hupata nguvu zake kwa kupashwa joto na kupozwa kwa kipimo kiwandani, na moto usio na kipimo huweza kuziondolea nguvu hiyo bila rimu kuonyesha dalili yoyote.

Kuosha kwanza, msasa baadaye

Watu wengi hugeuza utaratibu huu. Ukipiga msasa juu ya mafuta, unayasukuma ndani ya mikwaruzo, na hapo kuyatoa ni shida. Adui mkubwa ni dawa ya kung'arisha tairi, kwa kuwa nyingi zina silikoni. Tone dogo lisiloonekana hufanya rangi ijitenge na kuacha vishimo vya duara kama macho.

Anza na sabuni ya vyombo, maji ya uvuguvugu na brashi, mbele na nyuma. Vumbi la breki lililoganda ni chembe za chuma zilizozama kwenye rangi, na sabuni haziziwezi. Dawa ya kuyeyusha chuma huzigeuza zambarau na kuzilegeza. Isikaukie kwenye rimu, na isuuze kwa maji mengi. Lami ing'oe kwa mafuta ya taa, kisha rudia sabuni ili mafuta hayo nayo yatoke. Rimu ikikauka, ifute kwa spiriti ya kusafishia ukitumia vitambaa viwili: kimoja kimelowa, cha pili kikavu kinafuata nyuma yake kabla spiriti haijaruka. Kitambaa kimoja kinahamisha mafuta tu kutoka hapa kwenda pale. Kisha mwagia maji safi. Yakitandaa kama utando mmoja, uso ni safi. Yakijikusanya matone matone, rudia.

Tairi likitolewa kwenye rimu ndiyo njia bora, kwa sababu ukingo unaokutana na mpira ndio unaobanduka kwanza. Likibaki, toa upepo, lisukume mpira ndani, kisha chomeka karata za kuchezea kati ya mpira na rimu, kila moja ikilalia nusu ya mwenzake. Mzingo wa rimu ya inchi 16 ni kama sentimita 135, hivyo pakiti moja inatosha gurudumu moja. Karata hushuka chini ya ukingo wa rimu, mahali ambapo tepu haifiki, na rangi inazunguka hadi nyuma ya mdomo bila kuacha mstari wa kubandukia. Wapo wanaopaka mpira mafuta ya kujipaka ili rangi isishike. Siishauri njia hiyo, maana mafuta yale yakipanda kidogo tu kwenye rimu yameharibu kila ulichosafisha.

Msasa na puti

Rangi ya zamani iliyoshika vizuri haina haja ya kutolewa yote. Ondoa iliyolegea, kisha mpaka kati ya rangi na alumini tupu uulainishe mpaka ukipitisha kidole ukiwa umefumba macho usiuhisi. Hapo macho hudanganya na kidole husema kweli. Ngazi ikibaki, utaiona tena juu ya klia, imekuzwa na mng'ao.

Michubuko ya ukingo ianze na msasa namba 80 au 120 (namba ndogo ndiyo yenye chembe kubwa) uliozungushiwa kijiti, ukifuata mviringo wa rimu. Ukisugua kwa kidole kitupu utachimba bonde. Ikishalainika endelea na 180, kisha 320 kwenye uso mzima, halafu 400. Usiruke kutoka 80 hadi 400: mikwaruzo mikubwa hubaki chini na rangi ya fedha huionyesha yote baada ya wiki kadhaa, praima, yaani rangi ya msingi, inapokuwa imenywea. Kwenye kona kati ya vijiti vya rimu tumia sponji ya msasa ile ya kijivu, inajikunja na kuingia.

Puti ya poliesta ni ya makovu ya juujuu, milimita 2 hivi, nayo huwekwa juu ya alumini iliyokwaruzwa kwa namba 80 hadi 120, si juu ya praima ya asidi, ile inayouma alumini tupu ili rangi ishike. Asidi huzuia puti kukomaa, na kidonge kizima hung'oka baadaye. Kwa gramu 50 za puti weka gramu 1 ya hadina, dawa ya kuikomaza. Hadina ikizidi, puti hukauka ukiwa bado unaikoroga, na rangi yake huweza kupenya hadi juu. Una dakika 3 hadi 5 za kuipaka. Ikianza kushika kama jibini, acha, changanya nyingine. Mahali mpira wa tairi unapokalia rimu pasiwe na puti kabisa, maana upepo utapita hapo.

Mahali pasipotakiwa rangi

Hapa naomba umakini kuliko popote, kwa sababu kosa lake halionekani kwa macho. Uso wa nyuma wa rimu unaogusana na habu (kitovu cha gari ambako gurudumu hufungwa), na kila mahali nati inapokalia, pabaki chuma kitupu kama palivyotoka kiwandani. Rangi ni laini. Nati ikikazwa juu yake inaonekana imekaza vizuri, lakini gari likitembea rangi inabanwa, inapata joto, inakamuliwa pembeni, na ule mkazo wa nati unapungua. Nati iliyolegea huanza hivyo.

Njia rahisi ya kuziba ni kulaza rimu na kutumbukiza nati kuukuu za aina ileile, kila moja kwenye tundu lake. Zinakaa sawasawa na mahali panapotakiwa kufichwa, kuliko tepu yoyote utakayokata kwa mkono. Zinyanyue dakika chache baada ya mkono (tabaka la rangi) wa mwisho, rangi ikiwa bado mbichi. Ukisubiri ikauke, utando wa rangi utakuwa umeunganisha nati na rimu, na ukiinyanyua itachana ukingo wa tundu, yaani palepale maji yanapopenda kuingilia. Upande wa nyuma ziba kwa tepu ya karatasi, pamoja na tundu la katikati. Vipande vya risasi vya balansi, ukivitoa, gurudumu litabalansiwa upya.

Praima, rangi, klia

Kwa rimu 4 za inchi 15 au 16, uso wa mbele tu, kadiria makopo ya mililita 400 hivi: praima ya asidi 1, praima ya kujaza 2, rangi 3, klia 3. Nunua rangi yote siku moja na uangalie namba ya toleo chini ya kopo, hasa rangi za metaliki, kwani toleo jingine huweza kupishana kidogo.

Chagua kivuli, joto la nyuzi 15 hadi 25, pasipo upepo, na mwagia sakafu maji ili vumbi litulie. Unyevu wa hewa ukizidi sana, klia hufanya ukungu mweupe. Joto likizidi, rangi hukauka ikiwa bado hewani na kutua kama mchanga. Kopo lenye baridi liweke kwenye maji ya uvuguvugu dakika 10, kamwe si ya moto. Litikise dakika 2 nzima baada ya kusikia kigololi kikigonga.

Praima ya asidi ni kwa alumini tupu tu, mkono mmoja mwembamba kiasi cha kuona chuma kupitia kwake. Ikiwa nzito haikauki chini. Baada ya muda ulioandikwa kwenye kopo, piga praima ya kujaza mikono 2 au 3, iache hadi kesho, kisha msasa wa maji namba 600, na 800 kama utapaka rangi ya fedha. Pakitokea alumini tena, rudia praima hapo.

Rimu iweke juu ya ndoo iliyopinduliwa ili uizungushe badala ya kuizunguka. Puliza kwanza kuta za vijiti na mashimo ya nati, uso wa mbele uwe wa mwisho. Ukianza na uso, vumbi la rangi la kona litatua juu yake. Umbali ni sentimita 20 hadi 25, bonyeza kabla ya kufika kwenye rimu na uachie baada ya kuipita, kila mpito ulalie nusu ya uliotangulia. Mkono wa kwanza uwe kama ukungu tu, usiofunika. Huo ndio unaowapa wengine pa kushika. Kisha mikono 2 au 3, dakika 10 hadi 15 katikati. Metaliki umalizie na mkono mwepesi kutoka sentimita 30 ili chembe zitawanyike sawa na kuondoa mabaka.

Klia hufuata ndani ya muda ulioandikwa kwenye kopo la rangi. Usipoufuata, hasa ukirudia wakati rangi imekauka nusu, thina mpya huingia chini na uso wote hukunjamana. Klia ya kawaida hukauka kwa thina kuruka, hivyo petroli ikiimwagikia inalainika tena, na mafuta ya breki yanaila. Klia yenye hadina ndani ya kopo ni imara zaidi, lakini ina isosianeti, inayoweza kumsababishia mtu pumu ya kudumu. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke huo. Kama huna kifaa cha kuvuta hewa safi kutoka nje ya eneo la kazi, tumia ile ya kawaida, au mpe fundi mwenye chumba cha rangi mkono huo wa mwisho.

Mchirizi ukitokea usiuguse. Uache siku 2, usugue kwa msasa wa maji namba 1000 uliozungushiwa kijiti bapa, kisha rudia klia hapo. Vishimo vya silikoni havizibiki kwa kuongeza rangi: subiri ikauke, sugua, safisha upya, anza hapo.

Subiri angalau siku 2 kabla ya kufunga nati, na wiki moja kabla ya mashine ya tairi kuibana rimu au kuiosha kwa dawa. Bomba la spana lifungie tepu kwa nje lisichubue mashimo. Kaza kwa mtindo wa nyota, yaani ukiruka kutoka nati moja hadi ya upande wa pili, kwa kipimo cha kitabu cha gari lako. Magari mengi madogo yako kati ya Nm (nyutoni-mita, kipimo cha mkazo) 90 na 120. Pima tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Kopo lililobaki ligeuze kichwa chini na ubonyeze mpaka itoke hewa tupu, ili tundu la kupulizia lisizibe. Klia yenye hadina haihifadhiki, inaganda ndani.